Moshi wa Jikoni kwa Kogo

Mwaka juzi ungeniuliza hewa chafu hupatikana wapi, ningekujibu bila kusita: Nairobi. Binamu yangu anayeishi huko, karibu na Barabara ya Jogoo, alikuja kwetu likizo ya Desemba, nami nikamcheka aliposema ati jioni akipenga kamasi hutoka nyeusi. Nikamwonyesha mashamba ya chai yalivyotandaza kijani kutoka Kericho hadi upande wa Bomet. "Sisi huku mvua inaosha hewa," nikajigamba. "Vuta pumzi, hakuna anayekudai!"

Jioni tukaingia jikoni kwa Kogo, yaani nyanya yangu. Hata kabla sufuria ya chai haijachemka, binamu alikuwa nje akifikicha macho. "Wacha mchezo," akasema huku machozi yakimtiririka, "humu ndani ni kama stendi ya matatu!" Nilikasirika. Moshi huo nilizaliwa nikaukuta. Shuleni wenzangu hujua nimefika kabla ya kuniona, kwa harufu ya sweta yangu.

Mwaka jana mwezi wa Machi, Kogo alizidiwa na kikohozi nikamsindikiza zahanati. Daktari alimsikiliza kifuani, kisha akauliza, "Nyanya, umevuta sigara miaka mingapi?"

Kogo alishtuka kana kwamba ametukanwa. "Mimi? Hata ugoro sijaonja!"

Basi daktari akanigeukia. "Mnapikia nini?"

Swali hilo lilinichoma, maana anayeleta kuni nyumbani ni mimi.

Nilimwendea mwalimu wetu wa kemia. Kumbe moshi si hewa tupu. Umejaa chembechembe, na zilizo hatari zaidi hazizidi upana wa mikrometa 2.5, ilhali unywele mmoja una mikrometa 50 hadi 70 hivi. Pua haiwezi kuzizuia. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mjini chembe hizo ni mchanganyiko: masizi ya dizeli, vumbi la barabarani, moshi wa takataka, na salfeti, ambayo huanza kama gesi ya salfa kutoka kwa mafuta ya magari na viwanda, kisha ikageuka chembe ikiwa angani. Zamani hata madini ya risasi yalikuwemo, hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Moshi wa kuni nao una kaboni, utomvu usioungua vizuri, na potasiamu. Potasiamu ndiyo humtoboa siri: wataalamu wakiikuta kwa wingi katika chembe za hewa ya mji, hushuku kuna watu wanaochoma kuni. Ni potasiamu ile ile Kogo anayoitafuta anapomwaga jivu kwenye sukuma wiki zake, ingawa hajui jina lake.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Jiko la kuni lisilo na dohani hufikia mamia wakati wa kupika. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimekivaa kila siku nikienda shule!

Lililoniuma zaidi ni hili. Kuni nilizokuwa nikileta zilikuwa matawi ya chai yaliyotoka tu kupogolewa, na mikaratusi mibichi. Kuni mbichi hupoteza joto kukausha maji yake kwanza, moto unafifia, na kile kisichoungua ndicho hicho kinachomwingia Kogo kifuani. Nilikuwa mvivu wa kuanika, basi.

Siku hizi napasua kuni mapema na kuzipanga chini ya upenu mpaka zilie kavu zikigongana. Pia nilitoboa dirisha upande wa juu wa jiko. Kogo hakulipenda. Ati baridi inaingia, na moshi ndio unaofukuza fukusi kwenye mahindi darini, jambo ambalo, kusema kweli, siwezi kumbishia.

Juzi nilikuta dirisha limezibwa kwa gunia. Nikalitoa. Asubuhi, nikiwa navaa sweta niende shule, nilimsikia akikohoa, na gunia lilikuwa limerudishwa mahali pake.