Kati ya Paneli na Betri

Jumanne, 4 Machi 2025. Sori
Kinyozi wa sokoni alinipokea kwa lawama: "Fundi, hii paneli niliuziwa mbovu." Si mbovu. Ni ya wati 250. Nilipima saa sita mchana: ampea 8 zinatoka kwenye paneli, ampea 8 zile zile zinaingia kwenye betri ya volti 12. Hapo nikajua. Chaja kontrola imeandikwa MPPT kwa herufi kubwa, lakini ndani ni PWM, yaani swichi tu ya kuunganisha na kukata. Paneli ambayo ingefanya kazi vizuri kwenye volti 30 inaburutwa hadi 13 za betri. Mara ampea 8, ni wati 104. Zaidi ya nusu ya umeme aliolipia haumfikii. MPPT ya kweli hushusha volti na kupandisha ampea; betri ingepata kama 17. Kazi hiyo huhitaji koili, na koili ina uzito. Kontrola ya ampea 30 iliyo nyepesi kama kiberiti siiamini tena, hata iandikwe nini.

Inaniuma. Watu hujinyima wanunue paneli kubwa, kisha wanapunjwa kwenye kisanduku kidogo ambacho hakuna anayekifungua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemfungia kinyozi kontrola mpya. Ikabaki inveta, ambayo huwashwa mchana na usiku. Hata bila mashine ya kunyolea inakula wati 15: kwa saa 24 ni wati-saa 360. Betri yake ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ana wati-saa 600 tu za kutumia. Taa nimezivutia waya wake, DC moja kwa moja. Inveta ni ya mashine, na jioni izimwe. Wavuvi wa omena walioacha karabai hufanya hivyo usiku: betri, waya, taa, basi.

Jumamosi, 8 Machi. Muhuru Bay
Shule inataka wati 1,000 kwa volti 12. Nimekataa. Hizo ni ampea 83. Kwa volti 48 ni 21, na kwa waya ule ule upotevu unapungua mara 16. Madarasa yako mbali na ofisi, kwa hiyo hapa inveta ina haki yake: waya mrefu upitishe volti 240. Mwalimu mkuu ameniomba hesabu kwa maandishi, aipeleke kwa bodi. Nitaandika bei ya kontrola kwenye mstari wa kwanza, juu ya paneli.