Meno ya Ziwa Kariba

Mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, mto Zambezi ulizibwa kwa ukuta uliokamilika mwaka 1959, na nyuma yake likatanda Ziwa Kariba, lenye urefu upatao kilometa 280. Miaka ya 1967 na 1968 walipandikizwa humo dagaa kutoka Ziwa Tanganyika, ambao wenyeji huwaita kapenta. Waliofaidi si binadamu peke yao. Dagaa hao wamekuwa chakula kikubwa cha samaki mmoja mwenye milia myeusi ubavuni, ambaye Waingereza walimwita tiga, yaani chui milia. Mmoja aliyevuliwa humo mwaka 2001 alikuwa na uzito wa kilo 16.1.

Meno yake huonekana hata akifumba kinywa, ya juu na ya chini yakipishana kama ya mtego wa chuma. Mshipi mtupu haufui dafu mbele yake. Kwa hiyo wavuvi hufunga kipande cha waya baina ya mshipi na ndoana.

Mgeni hudhani kazi ngumu ni kumvuta. Mwenyeji anajua kwamba hatari yenyewe huanza samaki akishafika chomboni, wakati watu wanashangilia. Taya za tiga ni mfupa, na mara nyingi ndoana haizami sawasawa. Akijirusha, ndoana huweza kuchomoka na kuruka kama jiwe la kombeo, ikaishia usoni mwa mtu. Na kwa mvuvi anayelisha watoto kwa mikono yake, kidole kilichochanika ni siku kadhaa bila kitoweo wala fedha.

Mvuvi mwangalifu humwacha samaki atulie kwanza ndani ya wavu, ubavuni mwa chombo, na watoto huamriwa kukaa mbali. Hulowanisha mikono, kwa kuwa mkono mkavu hubandua ute unaomkinga samaki na maradhi. Mkono mmoja hushika shina la mkia, na mwenzake akamtegemeza tumboni. Vidole havitiwi kinywani wala kwenye matamvua, hata kwa dakika moja. Kisha koleo lenye mdomo mrefu huishika ndoana na kuirudisha kwa njia ileile iliyoingilia. Wengine hukibana kabisa kijino cha ndoana kabla ya kuvua. Ni busara, maana ndoana ya namna hiyo hutoka upesi hata ikinasa kwenye kidole gumba cha mvuvi mwenyewe. Ikiwa imemezwa mbali, waya hukatwa.

Samaki wa chungu hupigwa rungu kichwani kwanza, ndipo atolewe ndoana. Askari ataelewa, kwani naye hasafishi bunduki yenye risasi. Anayerudishwa hushikiliwa majini hadi apige mkia mwenyewe, lakini mwenye kumshika hana budi kutazama pande zote: Kariba ina mamba.

Aliyeumwa huosha jeraha kwa sabuni na maji safi, hulikandamiza kwa kitambaa safi hadi damu ikome, kisha huenda zahanati kuulizia sindano ya pepopunda, hata kama tundu la jino ni dogo.