Mwembe wa Mama

Mwaka 2014, habari zilipoenea kwamba mkazi mmoja wa Kasulo alikuta kobalti ndani ya kiwanja chake, mtaa mzima uligeuka machimbo. Watu walichimba uani, jikoni, hata chumbani. Nami, wapendwa vijana, nilikuwa na miaka 19, sina kazi. Niliukata mwembe wa mama yangu ili nipate nafasi ya kufungua shimo. Mama hakunigombeza. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Fedha ya shimo lile nilimpa mara moja tu. Iliyobaki siwezi kueleza ilikokwenda.

Miaka mingi baadaye nilisoma juu ya vijana wa Marekani wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliunda kikosi cha vijana wasio na ajira, wakae kambini, wapande miti, wazuie mmomonyoko wa udongo, wazime moto wa misitu. Hadi 1942 walipita humo karibu milioni 3. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 kati yake zilipelekwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi. Hapo nilikiweka kitabu chini. Haikuwa kambi ya malaika, maana vijana weusi walitengwa katika kambi zao. Lakini zile dola 25 zilinichoma.

Kwetu Huduma ya Taifa ipo tangu 1997, na tangu 2020 vijana wa magenge ya Kinshasa wamepelekwa Kaniama Kasese kulima mahindi. Kazi hiyo siibezi. Ila wao walikabidhiwa jembe baada ya kuitwa wahalifu. Je, kijana wa Kasulo naye angoje mpaka aibe? Papa Fransisko, katika Laudato Si', alifundisha kwamba kumsaidia maskini kwa fedha ni hatua ya muda tu, na lengo ni aishi kwa heshima kwa kazi yake mwenyewe.

Mvua zilipoanza mwaka jana nilimpelekea mama mche wa mwembe. Shimo nililifukia zamani, lakini udongo wake bado unatitia, hivyo tulichagua upande wa pili wa ua. Aliniuliza kama chini ya pale pia nilichimba. Nikamwambia ukweli: ndiyo, mama, njia ya shimo ilipita hapa.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaenda kuleta maji.