Hata Kama

Watu wakijua kwamba uliachia chuo katikati, huwa na mambo mawili ya kukuambia. La kwanza ni swali: "Sasa siku hizi unafanya nini?" La pili ni faraja: "We mwamini tu Mungu." Lile swali nalijibu haraka, naandika. Ile faraja ndiyo imenisumbua miaka minne sasa, kwa sababu namwamini Mungu kweli, na bado karo haikulipika.

Nilifika mwaka wa tatu. Mama anashona nguo sokoni, na wakati huo alikuwa ameshauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Harambee ikafanywa. Wazee wa kanisa wakachanga, wajomba wakaahidi, wengine wakatoa na wengine wakazima simu. Tukafunga siku tatu tukiomba. Siku ya mwisho ya kulipa ikafika, ikapita, nami nikarudi nyumbani na sanduku la chuma na godoro. Jumapili iliyofuata mhubiri alisema kwamba anayemtegemea Mungu haaibiki. Kanisa likaitikia amina, na sauti ya mama ilikuwa juu kuliko zote.

Kama umewahi kukaa kwenye benchi kama lile, nakuandikia wewe.

Wengi wetu tulifunzwa kuomba jinsi mtu anavyotuma pesa kwa simu. Unaweka namba, unaweka kiasi, unaweka siri, halafu unangoja ujumbe wa kuthibitisha. Ujumbe usipokuja, basi kuna mahali ulibonyeza vibaya. Labda kuna dhambi umeficha. Labda hukufunga ipasavyo. Labda hukupanda mbegu, na kwa bahati njema namba ya kupandia iko hapo chini ya runinga, inameremeta. Nina jirani aliyetuma pesa ya kodi ya nyumba kwa namba kama hiyo. Landilodi alipokuja, mhubiri hakuwepo kumwelezea habari za mavuno.

Na mafunzo hayo yana mwisho mbaya kuliko kufungiwa nyumba. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Wengi wao walikuwa watu waliofunga hadi kufa wakiamini wangekutana na Yesu, na kati yao walikuwemo watoto ambao hakuna aliyewauliza. Niliwasikia watu kwenye matatu wakisema wale walikuwa wajinga. Mimi nilishindwa kusema hivyo. Nilisikia maneno niliyoyajua tangu shule ya Jumapili: amini, usiulize. Tofauti ni kwamba wao waliambiwa hivyo na mtu aliyewapeleka mbali, ambako hakuna jirani wa kubisha hodi.

Kwa hivyo nikianza kusema kuhusu kumtegemea Mungu, nataka tuelewane kwanza. Sisemi uache kuuliza. Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu amekwenda wapi, na hakuna aliyezitoa kwenye Biblia. Habakuki anaanza kitabu chake kwa malalamiko. Mungu asiyeweza kuulizwa simjui, na Biblia niliyolelewa nayo haimjui.

Kuna hadithi tuliyoigiza sana tukiwa watoto, ya Shadraka, Meshaki na Abednego, katika sura ya 3 ya kitabu cha Danieli. Sote tulitaka kuwa yule mtu wa nne ndani ya tanuru. Nilipoisoma tena baada ya kuacha chuo, nilikwama kabla ya kufika kwenye moto. Vijana wale wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa. Halafu wanaongeza kwamba hata kama hatawaokoa, sanamu yake hawataisujudia. Hawajui hadithi inaishaje. Sisi ndio tunaojua, ndiyo maana tunaiharakisha.

Hata kama. Maneno mawili tu, lakini yanabadilisha hesabu yote. Mtu anayesema hivyo hamfanyii Mungu biashara. Ameshaamua atakuwa mtu wa namna gani, jibu lije lisije.

Hatuhitaji kwenda hadi Babeli kuwatafuta watu wa namna hiyo. Agosti 1990, waziri mmoja wa serikali alimwonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, Eldoret, kwamba akithubutu kukanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alikuwa akisema wazi kuhusu unyakuzi wa ardhi na ufisadi, wakati ambapo kusema wazi kulikuwa na bei. Tarehe 14 akaenda Busia, akaonana na waumini, na akirudi gari lake likagongana na lori. Akafa. Hakuna malaika aliyesimama barabarani. Mtu akikuhubiria kwamba imani ni bima, muulize Muge alikosea wapi kujaza fomu.

Lakini wengi wetu hatutaitwa na waziri. Sisi mtihani wetu unakuja kwa meseji.

Wangu ulikuja mwaka jana, kutoka kwa rafiki niliyesoma naye. Ana akaunti ya kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, kazi ambayo kama wewe ni mwandishi kijana Nairobi umeshapewa au unamjua aliyepewa. Mwanafunzi analipa, wewe unaandika, yeye anaweka jina lake. Shilingi 300 kwa ukurasa, kurasa kumi kwa usiku ukikaza. Nilikuwa na deni la kodi la miezi miwili, na jarida moja lililokuwa halijanilipa. Nikamwambia hapana. Akanijibu kwa sauti, akicheka: "Sasa we unakataa doo na landilodi anakutafuta? Hapa si mbinguni, buda."

Alikuwa na haki ya kucheka. Sikuwa na hoja kubwa. Nilijua tu kwamba nimeondoka chuoni kwa kukosa karo, na siwezi kumtafutia digrii mtu aliyelipa karo na hataki kusoma. Nilijua pia kwamba jina langu chini ya maandishi ndiyo mali pekee niliyobaki nayo.

Katika ushuhuda wa kanisani, hapa ndipo simu inapolia. Haikulia. Kilichokuja ni kufuli. Nilirudi jioni nikaikuta juu ya kitasa, vitu vyangu vikiwa ndani. Na aliyenifungulia mlango wake usiku ule, nikalala kwake wiki mbili na kula ugali wake, ni yule yule mwenye akaunti. Hakunikumbusha kitu. Alinipa blanketi na kusema nisiongee sana, ana kazi ya kumaliza kabla ya asubuhi.

Nimelifikiria jambo hilo sana. Nililala nikisikia akibonyeza kompyuta, akiandika zile insha nilizozikataa, na chakula nilichokula kilitokana nazo. Sina namna ya kuipanga hadithi hiyo ili mimi niwe mtakatifu na yeye awe mwenye dhambi. Mungu alinisitiri kwa mkono wa mtu ambaye singemchagua kwenye mahubiri. Bado naamini nilikuwa sawa kukataa. Na bado naamini yeye alimhudumia Kristo kuliko mimi wiki zile.

Kiswahili kina siri moja kuhusu haya. Imani, amini, uaminifu, amani na amana ni maneno ya ukoo mmoja. Hata ile amina tunayofungia sala inatoka katika mzizi huo wa kale. Amana ni kitu cha mtu ulichoachiwa ukitunze. Kwa hivyo ukisema unaamini halafu watu hawawezi kukuachia kitu, lugha yenyewe inakushtaki.

Mama mboga wa mtaani kwetu ana daftari la kurasa za mraba. Ananiandika humo: sukuma wiki, nyanya, vitunguu vya kumi. Hajawahi kuniuliza naabudu wapi. Nikilipwa, naanza kwake kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu mtaji wake ni wa asubuhi hadi jioni na deni langu ni kapu lake la kesho. Siku hizi nadhani ibada yangu ya wiki inapimwa zaidi pale kwenye daftari kuliko Jumapili.

Juzi nilimuuliza mama kuhusu ile amina yake. Nilimuuliza aliwezaje, karo ikiwa imetushinda na cherehani imeenda. Alikuwa anatunga uzi, hakuinua kichwa.

"Karo ilinishinda mimi," akasema. "Mungu simdai."

Basi wewe uliyeomba na hujajibiwa, usiruhusu mtu akwambie kwamba imani yako ilikuwa na kasoro. Endelea kuomba, na uulize unapotaka kuuliza. Kisha lipa unachodaiwa, usiuze jina lako, na ukisikia hodi usiku fungua. Kesho labda mambo yatanyooka. Labda hayatanyooka. Fungua tu.