Chupa za Mtaa wa Rwagasore

Juzi kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo aliniletea ripoti yake niipitie. Ameandika kwamba mwani wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, una "mafuta" asilimia kadhaa. Nikamuuliza ni mafuta gani. "Mzee, si mafuta tu?" akajibu. Jibu lile limeninyima usingizi.

Nimepekua madaftari yangu nihakikishe mwaka tulioanza kupima mafuta ya mwani. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Tuseme mwanzoni mwa miaka ya 80, wakati taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ikiwa bado changa. Tulichota maji, tukayapitisha kwenye chujio la nyuzi za kioo, kisha tukaliloweka chujio katika klorofomu na methanoli. Njia hiyo ni ya Bligh na Dyer, Wakanada walioichapisha 1959 kwa kazi ya samaki. Ukiongeza maji, mchanganyiko unajitenga: klorofomu inazama, kijani kibichi, imebeba mafuta. Unaikausha kwa gesi ya naitrojeni, unapima kwenye mizani. Harufu tamu ya klorofomu ilishika koo ikaganda kwenye mashati; mke wangu alijua nimeshinda wapi kabla sijavua viatu.

Shida yetu kubwa ilikuwa chupa. Klorofomu hula plastiki nyingi, na kilichoyeyuka humo hujifanya mafuta ya mwani. Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwenye duka mtaa wa Rwagasore, mjini Mwanza, tuliyemwita Mzee Chupa. Aliuza taa za karabai, tambi, sufuria na chupa kuukuu za dawa zenye vizibo vya kioo. Kila chupa aliizungushia kidole gumba mdomoni. Akihisi ufa, anaiweka kando hata kama umeshatoa pesa. Ya mfuniko wa plastiki hakutuuzia kabisa. Alishaelewa, pengine kuliko baadhi ya wakubwa wetu. "Hizi za mafuta ya ziwa," angesema, na kuzifunga moja moja kwa gazeti.

Mizani nayo ilikuwa na udhaifu wake: ilipima kila kilichoyeyuka, hata rangi ya kijani yenyewe. Asidi za mafuta zinataka hatua nyingine. Unachemsha mafuta na methanoli yenye asidi ya salfuriki yawe esta, unayapitisha kwenye kromatografu ya gesi, na tangu mwanzo unakuwa umetia kipimo kinachojulikana cha asidi ya kaboni 17, ili ujue kiasi kilichopotea njiani. Mashine hiyo hatukuwa nayo. Sampuli zilisafiri Ulaya na wageni, katika vioo vilivyofungwa kwa moto, na majibu yalichukua miezi.

Tuliihitaji mashine hiyo hasa wakati ule. Furu walikuwa wanaisha, sangara wanatamba, na maji yakawa ya kijani. Mwani aina ya daiatomu waliolitawala ziwa zamani walikuwa wanawapisha sainobakteria. Daiatomu wana omega-3 ya kaboni 20, EPA. Sainobakteria wengi hawana. Mizani inaweza kukupa uzito uleule kwa maji ya aina zote mbili, ilhali vidudu vinavyokula mwani, dagaa anayekula vidudu na mtoto wa mtaani Kirumba anayekula dagaa wamepungukiwa.

Baadaye yakaja magugu maji, vikaja viwanda vya minofu. Mbinu ya Lepage na Roy ya 1984, ya kutoa mafuta na kuyageuza esta katika mrija mmoja, ilitupunguzia klorofomu. Lile duka la Mzee Chupa sasa linauza makava ya simu. Ripoti ninazoletewa ni nzuri kwa rangi, lakini hazisemi asilimia ni ya uzito mkavu au mbichi, wala kama sampuli ilikaa juani. Na kwenye joto letu omega-3 ndiyo hutangulia kuharibika.

Ninyi mnaopima leo, nawaomba: chungulieni hadubini kabla ya kuchuja, mjue ni mwani gani. Wekeni sampuli kwenye barafu mkiwa bado mtumbwini. Kisha andikeni njia mliyotumia, yote, ili atakayepima ziwa hili baada yenu aweze kulinganisha.