Ufunguo Wakaa na Nani?



Iko misiba inayotokea mbali ikaingia nyumbani kwa mtu bila ya kupiga hodi. Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 14 Juni 2017, tulikuwa mkekani tukila daku hapa Mombasa. Kumi la kati la Ramadhani lilikuwa likienda ukingoni. Simu ikalia. Binti wa shangazi yetu, ambaye ameolewa London, alikuwa ametuletea picha moja: jengo refu likiwaka ubavu mzima, tangu chini hadi kileleni, kama kuti kavu lililotiwa kiberiti. Chini ya picha aliandika maneno machache tu, kwamba tuwaombee, maana ndani mna watu. Adhana ya alfajiri ilitukuta vikombe vya chai vimejaa.

Tukasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Bi Mkubwa wetu akatikisa kichwa, akasema kama asemavyo katika kila tanzia, "Ajali haina kinga." Tukaitikia, tukaenda kuswali. Leo twaandika ili tueleze kwa nini methali hiyo, tuliyoirithi kwa wazee wetu na tunayoiheshimu, haikuwa mahali pake siku ile, na kwa nini ilituchukua miaka kuutambua ukweli huo katika ngazi za nyumba yetu wenyewe.

Jengo lenyewe laitwa Grenfell Tower. Lilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja tu ya kushukia, nalo liko Kensington, magharibi ya London, katika eneo lenye matajiri wengi kupita kiasi. Wengi waliokaa humo hawakuwa matajiri. Zilikuwa nyumba za halmashauri, zikapangishwa kwa wafanyakazi, wazee na wahamiaji. Walikuwamo watu wenye asili ya Moroko, Sudan, Eritrea, Ethiopia, Syria, Bangladesh, Italia na Uingereza yenyewe. Moto ulianzia jikoni katika nyumba moja ya ghorofa ya nne, kwenye friji. Simu ya kwanza kwa wazima moto ilipigwa saa sita na dakika 54 za usiku. Moto wa jiko moja ulipaswa kuishia jikoni. Badala yake ulitoka dirishani, ukaushika ukuta wa nje, na tangu kutoka dirishani hadi kufika kileleni haikutimia nusu saa. Watu 72 walipoteza maisha, 18 kati yao wakiwa ni watoto.

Saa za London mwezi wa Juni ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, lakini usiku wao wakati huo ni mfupi mno, hata daku yao na yetu zikawa karibu kukutana. Kwa hiyo Waislamu kadhaa wa jengo lile na mitaa ya jirani walikuwa macho, wengine wametoka tarawehe, wengine wakitayarisha daku. Ilisimuliwa sana siku zile kwamba baadhi yao ndio waliogonga milango ya majirani waliolala. Kulipokucha, msikiti wa Al-Manaar ulio karibu na hapo ulifungua milango kwa kila aliyehitaji, bila ya kuulizwa dini yake. Makanisa ya jirani nayo yakafanya vivyo hivyo. Binti wa shangazi yetu alikwenda kusaidia kupanga nguo zilizoletwa kwa mafurushi. Alitupigia simu baada ya futari yake, na alichotaka kutusimulia si nguo, bali kuta zilizobandikwa picha za watu wasiojulikana waliko. Alisema watu walikuwa wakisimama mbele ya picha hizo wakizisoma polepole, moja baada ya moja, kama wasomao majina ya jamaa zao.

Huzuni ile haikukaa kimya. Tarehe 15 Juni waziri mkuu wa wakati huo, Theresa May, alifika akazungumza na wazima moto, lakini hakukutana na walionusurika. Baadaye mwenyewe alikiri kuwa analijutia jambo hilo. Kesho yake umati uliandamana hadi makao ya halmashauri ya Kensington, na baadhi yao wakaingia ndani wakidai haki. Tuliyaona hayo katika televisheni, nasi tukagawanyika. Wako miongoni mwetu waliosema kuwa msiba ni wakati wa subira, na kuwa sisi watu wa pwani tuna adabu ya matanga: mtu huja, hukaa, husoma khitma, hula kilichopo, huondoka, hakuna anayeinua sauti uwanjani pa maiti. Wako waliojibu kuwa maiti wengine hawajapatikana hata wa kuzikwa, sasa huo uwanja wa maiti ni upi? Tulilala usiku ule bila ya kuafikiana.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyoamua. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu, Sir Martin Moore-Bick. Ripoti yake ya kwanza ilitoka Oktoba 2019 na ya mwisho Septemba 2024. Ilibainika kuwa katika ukarabati uliomalizika mwaka 2016, ukuta wa nje ulivikwa mabamba ya alumini yenye plastiki ndani yake, na plastiki ile ndiyo iliyoubeba moto hadi juu. Awali ilifikiriwa kutumia mabamba ya zinki. Yakabadilishwa ili kupunguza gharama. Ilibainika pia kuwa wakazi waliopiga simu kuomba msaada waliambiwa wabaki ndani ya nyumba zao, kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa majengo kama hayo, na amri hiyo haikuondolewa hadi saa nane na dakika 47, karibu saa mbili baada ya simu ya kwanza. Tume ilisema waziwazi kuwa vifo vyote vile vingeweza kuepukwa. Ikasema pia kuwa miongoni mwa waliotengeneza na kuuza mabamba na vifaa vile vya ukutani walikuwamo waliofanya udanganyifu wa makusudi.

Wala haikuwa kwamba hakuna aliyeonya. Julai 2009, jengo jingine la London, Lakanal House, liliungua na watu sita wakafa, na maonyo yakaandikwa. Na katika Grenfell kwenyewe kikundi cha wakazi kiliandika Novemba 2016, miezi saba tu kabla ya moto, kwamba huenda balaa kubwa ndilo litakalofichua uzembe wa wasimamizi wao. Watu hawa hawakuwa wahandisi. Walikuwa wapangaji wanaozijua ngazi zao.

Tulipofika hapo ndipo tulipoona kuwa tulikuwa tumechanganya mambo mawili. Kuamini kadari ni wajibu wetu, na ajali ya mja huja kwa saa yake. Lakini kadari si pazia la kumfichia mwenye kosa. Wanazuoni wametufunza kuwa Muislamu anayekufa kwa kuungua huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, na hilo ni liwazo kubwa kwa waliofiwa. Hata hivyo, cheo cha aliyekufa hakimwondolei hatia aliyemsababishia kifo. Na subira tuliyoamrishwa ni kuuzuia moyo usikate tamaa na mikono isivuke mipaka. Hatukuamrishwa kuufunga mdomo mbele ya dhuluma. Wafiwa wa Grenfell wametuonyesha namna hiyo. Kila tarehe 14 ya mwezi walitembea mitaani kwao pamoja na majirani, kimya, bila ya kelele wala jiwe. Aliyewaona hakuweza kusema kuwa hawana subira, wala kuwa wamesamehe. Februari 2025 serikali ilitangaza kuwa mabaki ya jengo yatabomolewa kwa utaratibu, na polisi wamekwisha kusema kuwa uamuzi juu ya mashtaka usitarajiwe kabla ya mwisho wa mwaka 2026. Mtoto aliyezaliwa usiku ule atakuwa na miaka tisa.

Hadi hapa, ndugu msomaji, tungekuwa tumezungumza juu ya wenzetu tu. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi hatukutia maji.

Twakaa ghorofa ya tano katika nyumba ya kupanga. Ngazi ni moja. Lango la chini ni la chuma, na kila saa tano za usiku bawabu hulifunga kwa kufuli kwa sababu ya wezi. Mlango wa darini nao ulikuwa na kufuli, na madirisha yote yana nondo. Mwaka ule wa 2017, picha zile zikiwa bado machoni, tulimwendea wakala wa mwenye nyumba, tukamweleza. Akatujibu kuwa asiyeridhika ahame. Tukanyamaza. Kodi yetu ni nafuu, na mwenye nyumba huswali nasi safu moja, tuliona haya. Tukaendelea kuwaombea dua watu wa London, na kila usiku kufuli likafungwa.

Katika Ramadhani ya mwaka 2023, jirani wa ghorofa ya pili alikuwa akipasha chakula cha daku, mpira wa mtungi wa gesi ukavuja, moto ukalipuka jikoni kwake. Moshi ukapanda ngazini. Tuliteremka gizani, Bi Mkubwa amebebwa mgongoni na mjukuu wake. Walipofika kwenye kituo cha ngazi chini ya mlango wetu, kijana alijikwaa kwenye mtungi wa gesi uliowekwa hapo, nusura waanguke wote wawili. Mtungi ule ulikuwa wetu. Jiko letu ni dogo, na tulikuwa tumezoea kuuweka ule wa akiba nje. Miaka sita tulikuwa tumemlaumu mtu kwa kufuli lake.

Chini tuliwakuta watu wa nyumba nzima wamerundikana nyuma ya lango, akina mama wakiligonga kwa sufuria. Bawabu alikuwa amekwenda kula daku mtaa wa pili, na ufunguo umo mfukoni mwake. Mwenyezi Mungu alitustiri: kijana mmoja alirowesha blanketi, akaufunika mtungi, akaifunga koki, moto ukazimika. Hakuna aliyekufa. Bawabu alirudi mbio, akafungua, nasi tukatoka tukasimama barabarani katika nguo za kulalia hadi adhana.

Asubuhi ile tulimngojea Bi Mkubwa atamke methali yake. Hakuitamka. Alituuliza jambo moja tu: "Huo ufunguo wakaa na nani?"

Baada ya Idi tuliandika barua, kila nyumba ikatia sahihi yake, na wazee watatu wakaipeleka kwa mwenye nyumba mwenyewe badala ya wakala. Kwanza alikasirika, akasema tumemwaibisha. Mzee mmoja akamwambia kuwa hatukuja kumwaibisha, tumekuja ili yeye na sisi tusije tukasimama mbele ya Mola wetu tukiulizwa juu ya watoto hawa. Akanyamaza kwa muda. Mwezi haukwisha, lango likatiwa komeo linalofunguka kwa ndani bila ya ufunguo, na kufuli la darini likaondolewa. Nondo za madirisha hakukubali kuzigusa. Tulichanga wenyewe, tukamwita fundi akakata dirisha moja katika kila nyumba na kulitia bawaba. Mitungi imeondoka ngazini, isipokuwa miwili mitatu ambayo bado twaizungumza na wenyewe. Hatujamaliza.

Hatusimulii haya ili tusifiwe. Tumechelewa mno kustahiki sifa. Twasimulia kwa sababu twajua nyumba kama yetu ni nyingi, kuanzia Majengo hadi Kisauni, na Nairobi pia, ambako Aprili 2016 jengo la Huruma lililokuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 50. Nako, bila shaka, yuko aliyesema kuwa ajali haina kinga.

Basi ombi letu ni dogo. Wiki hii, baada ya isha, toka mlangoni mwako uteremke ngazi hadi barabarani, ukiwa na watoto na wazee wako. Tazama kilichowekwa njiani, na kama ni chako, kiondoe kwanza. Ukifika langoni, uliza swali la Bi Mkubwa, na usiondoke hadi upate jibu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa kwa moto, wa London na wa kwetu, awape subira waliofiwa, na atujaalie sisi tulio hai tusiwe sababu ya msiba wa mtu. Amin.