AYALANDI: MABABU WATAFUTWAO KATIKA MAWE NA VISIMA

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini afanyeje mtu ambaye asili yake hakuiacha kwa hiari? Afanyeje ikiwa babu yake alifukuzwa na njaa, akavuka bahari, akafa ugenini kabla ya kuwaambia watoto wake jina la kijiji alichotoka? Swali hili ndilo linalowapeleka watu wengi kila mwaka katika kisiwa cha Ayalandi, kilichoko baharini magharibi ya Uingereza. Hawaendi kuota jua, kwani jua la huko ni la kubahatisha. Huenda kutafuta walikotoka.

Mwaka 1841 kisiwa hicho kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia katika mashamba ya viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini asubuhi na jioni. Hadi njaa hiyo ilipotulia mwaka 1852, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja walikuwa wamepanda meli kwenda Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Leo, Marekani peke yake ina watu zaidi ya milioni 30 wasemao kwamba wana asili ya Kiayalandi.

KARATASI ZILIZOTEKETEA

Mjukuu arudipo, hutazamia kwanza kuliona jina la babu yake katika daftari. Hapo ndipo wengi hukwama. Mwezi Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jeshi la serikali mpya liliwapiga kwa mizinga wapinzani waliokuwa wameliteka jengo la Four Courts mjini Dublin. Tarehe 30 Juni ulitokea mlipuko mkubwa, na Ofisi ya Kumbukumbu za Taifa iliyokuwa hapo ikaungua. Hesabu za watu za tangu 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote, pamoja na wosia na daftari nyingi za kanisa. Wasomaji wetu walio askari watalipima jambo hili vizuri: mapigano ya siku chache yalifuta kumbukumbu za miaka mia saba. Mwaka 2022, karne moja baadaye, wataalamu walifungua hazina mpya katika intaneti, ambamo wamekusanya nakala zilizosalia katika maktaba nyingine. Hata hivyo, yaliyokuwa na nakala moja tu hayatarudi.

Wako waliobahatika. Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani, twamjua kwa upande wa baba, ambao asili yake ni Kogelo nchini Kenya. Kwa upande wa mama, daftari la kanisa lilionyesha kwamba mmoja wa mababu zake, kijana Falmouth Kearney, aliondoka kijiji cha Moneygall mwaka 1850, njaa ikingali inaua. Obama alikizuru kijiji hicho tarehe 23 Mei 2011. Lakini wasio na bahati hiyo ni wengi zaidi. Hao, wakikosa jina, huenda mahali ambapo babu yao, awaye yote, huenda alipiga magoti: makaburi ya kale, visima vitakatifu na magofu ya watawa.

KABURI LIINGIALO JUA

Msafiri akitoka Dublin kwenda kaskazini mwendo wa kilomita 50 hivi hufika bonde la mto Boyne. Hapo pana Newgrange, kaburi lililojengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, yaani kabla ya piramidi za Giza nchini Misri. Ni kilima cha mawe na udongo chenye upana wa mita 85 hivi, kilichozungushiwa mawe makubwa 97, baadhi yao yakiwa yamechorwa. Njia nyembamba ya mita 19 hupenya hadi chumba cha ndani, ambacho dari yake imepangwa kwa mawe matupu.

Sisi tukaao karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hulingana mwaka mzima, twahitaji maelezo kidogo. Katika nchi za kaskazini, mchana wa mwezi Desemba hupungua hadi saa saba na nusu hivi. Watu wa kale walingoja kwa wasiwasi siku iliyo fupi kuliko zote, kwani baada yake jua huanza kurudi. Basi wajenzi wa Newgrange waliacha tundu juu ya mlango, na katika siku hizo jua lichomozapo, mwali mmoja hupita tunduni, ukatambaa sakafuni mpaka ndani. Humo hukaa dakika 17, kisha giza hurudi. Profesa M. J. O'Kelly, aliyechimbua mahali hapo tangu 1962 hadi 1975, aliushuhudia mwali huo Desemba 1967. Siku hizi wanaotaka kuuona hupigiwa kura, kwa kuwa chumba ni kidogo.

Mgeni mwenye asili ya Kiayalandi husimama gizani humo akajiambia, "Hawa ndio mababu zangu." Sayansi, hata hivyo, imeleta habari ya kushangaza. Uchunguzi wa mifupa ya kale umeonyesha kwamba wajenzi wa makaburi hayo walikuwa wakulima waliotoka mbali, na kwamba zaidi ya miaka 4000 iliyopita waliingia watu wengine, wenye ujuzi wa shaba. Damu ya hao wa pili ndiyo iliyo nyingi katika Waayalandi wa leo. Basi anayelia katika kaburi la Newgrange aghalabu hulilia kaburi la watu ambao yeye ana damu yao kidogo tu. Je, amepotea njia? Tuendelee na safari, huenda jibu likapatikana mbele.

MTUMWA ALIYERUDI

Si mbali na hapo kuna kilima cha Tara, ambako wafalme wakuu wa Ayalandi walitawazwa. Juu yake limesimama jiwe liitwalo Lia Fáil. Hadithi husema kwamba jiwe hilo lilinguruma alipoligusa mfalme wa haki. Karibu nalo pana kaburi lenye umri wa miaka 5000 hivi, na hatua chache kutoka hapo, kanisa lililopewa jina la Mtakatifu Patrick.

Patrick huyo, ambaye jina lake wamepewa watoto wengi wa Afrika ya Mashariki, hakuwa Mwayalandi. Alizaliwa Uingereza katika enzi za Warumi. Alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi alitekwa na maharamia, akauzwa utumwani Ayalandi, akachunga mifugo miaka sita. Alitoroka, akarudi kwao. Kisha, katika karne ya 5, alirejea kwa hiari yake kuwahubiria watu walewale waliomfanya mtumwa. Habari hizi aliziandika mwenyewe, na maandishi yake yapo mpaka leo. Taifa zima humwita baba, ilhali hakuzaliwa na yeyote wao.

MOTO NA KISIMA

Kusini-magharibi ya Dublin kuna mji wa Kildare, maana yake kanisa la mwaloni. Hapo ndipo Mtakatifu Brigid alipoanzisha nyumba ya watawa. Kabla ya Ukristo, Waayalandi walikuwa na mungu wa kike mwenye jina hilohilo, aliyeheshimiwa na washairi. Tarehe 1 Februari, iliyokuwa sikukuu ya kale ya kuanza kwa majira ya kuchipua, ndiyo iliyokuwa sikukuu ya mtakatifu. Mwandishi mmoja wa karne ya 12 alieleza kwamba watawa wa Kildare walilinda moto usiozimika, na kwamba mwanamume hakuruhusiwa kuuvuka ua wake. Moto huo ulikuja kuzimwa, lakini watawa wa kike wa leo waliuwasha tena mwaka 1993. Na tangu 2023, sikukuu ya Brigid ni siku ya mapumziko ya taifa.

Nje ya mji kuna kisima chake. Watu hufunga vitambaa katika miti iliyo karibu, kila kitambaa kikiwa ni ombi: mtoto apone, mume arudi salama. Mgeni wa Kiafrika hatahitaji mtu wa kumfafanulia maana yake.

Kusini mwa Dublin, katika milima ya Wicklow, kuna bonde la Glendalough lenye maziwa mawili. Humo Mtakatifu Kevin aliishi peke yake katika karne ya 6, kabla wafuasi hawajamzunguka na kujenga mji wa watawa. Mnara wao wa mawe wa mita 30 ungali wima. Uganda ina deni kwa wilaya hiyo, kwani mtawa aliyezaliwa Wicklow mwaka 1875, naye akiitwa Kevin, ndiye aliyefika Nsambya mwaka 1903 kuuguza wagonjwa. Waganda walimwita Mama Kevina. Alifariki ng'ambo mwaka 1957, lakini mwili wake ulirudishwa Uganda, ukazikwa Nkokonjeru. Naye pia amekuwa bibi wa watu ambao hakuwazaa.

MAWE YENYE MAJINA

Mbali kusini-magharibi, katika rasi ya Dingle, kuna kanisa bovu la karne ya 12 liitwalo Kilmalkedar. Kati ya makaburi limesimama jiwe jembamba lenye tundu juu. Ukingoni mwake pamechanjwa mistari mifupi, mfano wa mtu ahesabuye magunia. Hayo ni maandishi ya Ogham, ya kale kuliko yote ya Kiayalandi. Mawe ya namna hiyo yapatayo 400 yamepatikana, na karibu yote husema jambo moja: fulani, mwana wa fulani. Jiwe la Kilmalkedar lamtaja Mael Inbir mwana wa Brocán. Neno lao la "mwana" hufanya kazi ileile ya "bin" kwetu.

Watawa walipofika katika sehemu kama hizo hawakuyavunja mawe ya waliowatangulia. Mara nyingi waliyachonga msalaba, wakawazika wafu wao kandokando. Hilo ndilo jibu la swali la Newgrange. Mahali patakatifu pa Ayalandi hapakurithiwa kwa damu peke yake. Kila aliyekuja alikuta kitu, akakiheshimu, akaongeza chake. Mjukuu anayefika leo na kitambaa chake hafanyi tofauti.

MLIMA NA MELI

Safari ya wengi huishia pwani ya magharibi, penye mlima Croagh Patrick wenye urefu wa mita 764. Yasemekana Patrick alifunga kileleni siku 40. Jumapili ya mwisho ya Julai maelfu ya watu huupanda, wengine miguu mitupu juu ya kokoto kali, katika majira yaleyale ambayo mababu waliadhimisha kuanza kwa mavuno kabla ya Ukristo.

Chini ya mlima, katika kijiji cha Murrisk, kuna sanamu ya shaba iliyozinduliwa mwaka 1997. Ni meli isiyo na tanga, na badala ya kamba, mlingoti wake umezungukwa na mifupa ya watu. Ni ukumbusho wa wale waliopanda meli wakati wa njaa, nyingine zikiwa mbovu na zenye maradhi hata zikaitwa meli za majeneza. Wajukuu wa walionusurika hushuka mlimani, wakapita mbele yake, wengi wakiwa hawana jina la kutaja.

Familia za askari na polisi ni familia za kuhama. Watoto huzaliwa katika kambi moja, wakasoma katika nyingine, na makaburi ya babu na bibi hubaki kijijini waendako kwa nadra. Basi jioni moja, mzee mmoja wa ukoo akingali hai, mkalishe mtoto karibu naye na daftari mkononi. Aandike fulani bin fulani, na kijiji, na mto ulio karibu. Kisha nakala ya pili iwekwe katika nyumba nyingine, isije ikawa moja tu.